Gari Alilolishughulikia Miaka 16: Kisa cha Mwanamfalme Philip na Land Rover

Jumamosi ya tarehe 17 Aprili 2021, wanajeshi walilitoa jeneza la Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, kwenye mlango mkuu wa kasri la Windsor, wakalipandisha nyuma ya Land Rover. Kwa desturi ya nyumba ile, jeneza la mtu wa daraja lake huwekwa juu ya mkokoteni wa mzinga. Ndivyo alivyobebwa mjomba wake, Mountbatten, mwaka 1979. Ndivyo alivyobebwa Diana mwaka 1997 na Malkia Mama mwaka 2002. Philip alibebwa na Defender 130 ya dizeli, iliyokatwa bodi upande wa nyuma ikabaki wazi, rangi ya kijani cha jeshi, haina hata namba ya usajili. Safari kutoka uwanja wa ndani wa kasri hadi Kanisa la Mtakatifu George ilichukua dakika nane.

Gari hilo lilitoka kiwanda cha Land Rover kilichoko Solihull, Uingereza, mwaka 2003, mwaka ambao Philip alitimiza miaka 82. Marekebisho ya mwisho yalifanywa mwaka 2019, alipotimiza 98. Katikati hapo kuna miaka 16 ya mzee mmoja kuagiza kitu kiongezwe hapa, kipunguzwe pale, kipakwe upya.

Siku ile watu wengi walilitazama kama kituko cha mzee wa kifalme mwenye maneno makali. Magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba aliwahi kumwambia mkewe kwa utani kuwa siku yake ikifika wampakie tu nyuma ya Land Rover wampeleke Windsor. Utani huo ukabeba habari yote, na mimi naona jambo lenye uzito likapita bila kutazamwa. Nimeishi karibu na watu wanaomiliki magari ya namna hii, na swali wanaloulizwa kila mara na jamaa zao ni lilelile: kwa nini hubadilishi? Majibu yao huwa mafupi na hayamridhishi mtu. Kisa cha Philip kinatupa jibu refu, kwa sababu kila hatua yake iliandikwa mahali.

Ninachokiona ndani yake ni hiki: Philip alishikamana na gari linalomruhusu mwenye nalo kulifungua, kulikata na kuliunda upya kwa haja yake. Nembo ilikuja nyuma ya hilo. Na pale nembo na gari la namna hiyo vilipoachana, ndipo penye maswali magumu.

Kwanza tulitazame gari lenyewe

Defender TD5 130 ni gari refu. Hiyo 130 inahesabu inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ingawa kipimo halisi ni inchi 127. Ni refu kuliko 110 ambayo wengi wetu tumeizoea, ile ya polisi, ya hospitali za misheni na ya watalii. Kwa kawaida 130 hununuliwa na mtu mwenye kazi maalumu: kampuni ya umeme inayotaka kufunga ngazi, jeshi linalotaka ambulansi, zimamoto. Kiwanda kilikuwa tayari kuitoa ikiwa na chesisi na kichwa tu, nyuma pakiwa patupu, ili mwenye nayo ajijengee anachotaka. Kwa mtu anayetaka kubeba jeneza lililolala, hiyo ndiyo Defender iliyofaa zaidi.

Injini ya TD5 ni ya silinda tano, ujazo wa sentimita za ujazo 2,495, nguvu ya farasi 122 hivi. Mafundi wanaijua kwa jambo jingine: ndiyo iliyoleta kompyuta ndani ya Defender. Injini ya kabla yake, 300Tdi, ilikuwa ya mkono tupu, pampu na nozeli basi, na mpaka leo kuna wenye Land Rover Afrika Mashariki ambao ukiwatajia TD5 wanatikisa kichwa. Philip hakubaguabagua hapo. Alichukua iliyokuwa inatengenezwa mwaka ule.

Kazi yake ilianzia kwenye bodi. Sehemu ya nyuma iliachwa wazi na kujengwa upya kwa vipimo alivyovitoa. Juu ya jukwaa la kulazia jeneza zikawekwa pini za chuma rangi ya fedha zenye vishikizo vya mpira, ili jeneza lisiteleze gari likipanda au likishuka. Rangi ya kiwandani ilikuwa kijani kiitwacho Belize Green. Akaomba lipakwe Dark Bronze Green, kijani kizito kilichopakwa kwenye Land Rover nyingi za jeshi la Uingereza. Vikombe vya magurudumu vikapakwa kijani kilekile, grili ikabaki nyeusi. Na kwa sababu gari ni gari, likatengenezwa la pili linalofanana nalo kabisa, la akiba, endapo la kwanza litagoma siku yenyewe. Mtu aliyewahi kumiliki Land Rover ataelewa hilo la akiba bila kuelezwa.

Mpango wa awali ulikuwa mkubwa kuliko tulichokiona. Gari hilo lilikusudiwa limbebe kutoka tao la Wellington, katikati ya London, hadi Windsor, maili 22, yaani kama kilomita 35. Uviko ukafuta yote. Waombolezaji wakawa 30 tu, wanawe na baadhi ya wajukuu wakatembea nyuma ya gari, na Malkia akafuata kwenye Bentley. Miaka 16 ya kazi, dakika nane za matumizi. Hata hivyo pini zile za mpira zilifanya kazi yake, na jeneza halikutikisika.

Mtu wa spana katika nyumba ya mataji

Philip alizaliwa tarehe 10 Juni 1921 katika kisiwa cha Corfu, Ugiriki, kwenye familia ya kifalme iliyofukuzwa nchini akiwa mtoto mchanga. Alikulia mikononi mwa jamaa, huku na huko, kisha jeshi la majini la Uingereza likampa kazi. Alikuwa katika mapigano ya majini ya Matapan, karibu na Ugiriki, mwaka 1941. Ofisa wa meli ya kivita anajifunza jambo moja mapema: chombo kinachokubeba lazima ukijue ndani, kwa sababu kikiharibika katikati ya bahari hakuna wa kumwita.

Tabia hiyo hakuiacha alipooa mwaka 1947. Mwaka 1959 alianzisha tuzo ya usanifu wa vitu vya matumizi, iliyokuja kubeba jina lake. Mwaka 1976 alikuwa na mkono katika kuundwa kwa chuo cha heshima cha wahandisi wa Uingereza. Tangu 1952 alikuwa msimamizi wa mbuga kubwa ya Windsor, na mashamba ya Sandringham na Balmoral yalikuwa chini ya uangalizi wake: misitu, mifugo, matope, mito. Alikuwa na magari mengine, na hilo lisifichwe. Alimiliki Lagonda ya michezo ya mwaka 1954. Miaka ya mwisho wa karne alizunguka London kwa teksi ya kawaida ya gesi, ili asitambuliwe. Kwa hiyo hakuwa mtu wa gari moja kwa kila shughuli. Mjini alikwenda na cha mjini. Land Rover ilikuwa ya kazi, na kwa kazi hakutafuta nyingine.

Mkewe naye alikuwa hivyohivyo. Mwaka 1945, akiwa binti wa miaka 18, Elizabeth aliingia kikosi cha wanawake cha jeshi, akafundishwa kuendesha na kutengeneza malori. Balozi wa zamani wa Uingereza nchini Saudi Arabia, Sherard Cowper-Coles, amesimulia jinsi Malkia alivyomzungusha Mwanamfalme Abdullah huko Balmoral mwaka 1998, yeye mwenyewe akiwa nyuma ya usukani wa Land Rover, wakati ambapo wanawake wa Saudi Arabia hawakuruhusiwa kuendesha gari nchini mwao. Nyumba nzima, basi, ililijua gari hili kutoka kiti cha dereva, na hilo ni nadra kwa watu wenye madereva.

Gari lililozaliwa na uhaba

Mwaka uleule wa harusi ya Philip, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa anahangaika na jeep kuukuu ya jeshi la Marekani kwenye shamba lake kisiwani Anglesey. Aliona kampuni yake inaweza kutengeneza gari la shamba la namna hiyo. Vita vilikuwa vimekwisha, chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kibali, na aluminiamu ya viwanda vya ndege ilikuwa imebaki nyingi. Land Rover ya kwanza ikatengenezwa kwa bodi ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma, na rangi yake ya kijani ilitokana na rangi ya ndege za kivita iliyobaki. Ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948.

Uhaba huo ndio ulioizaa sifa iliyowafunga watu kama Philip. Kwa kuwa vifaa vya gharama vya kufinyanga bodi havikuwepo, mabati yakanyooshwa, yakakunjwa kidogo, yakafungwa kwa bolti na nati. Ukigonga madigadi, unafungua madigadi. Ukitaka paa liondoke, unaliondoa. Mlango unatoka na spana moja. Gari likawa mkusanyiko wa vipande ambavyo mwenye gari anaweza kuvihesabu. Kutoka Series I ya 1948 hadi Defender ya mwisho iliyotoka Solihull tarehe 29 Januari 2016, wazo hilo halikubadilika, hata pale springi za pasi (zile za mabamba) zilipopisha koili mwaka 1983 na injini zikabadilika mara kadhaa.

Mfalme George VI, baba yake Elizabeth, aliipa Land Rover hati ya kifalme mwaka 1951, ile inayoiruhusu kampuni kutangaza kwamba inaiuzia familia hiyo. Philip naye baadaye akatoa ya kwake.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wanaozungumzia uaminifu kwa nembo huwa hawalitazami. Ilikuwa nembo ya nani? Mwaka 1951 Land Rover ilikuwa mali ya kampuni ya Rover. Mwaka 1967 Rover ikamezwa na Leyland, mwaka uliofuata ikawa ndani ya British Leyland, kampuni iliyokuja kuokolewa na serikali. Mwaka 1988 ikauzwa kwa British Aerospace. Mwaka 1994 ikaenda kwa BMW ya Ujerumani. Mwaka 2000 ikaenda kwa Ford. Mwaka 2008 ikanunuliwa na Tata ya India. Philip alipoliagiza gari lake la mazishi, nembo ile ilikuwa mali ya Wamarekani. Gari lilipombeba, ilikuwa mali ya Wahindi. Mwenye gari alibaki palepale, na kampuni ndiyo iliyokuwa inahama nyumba.

Mtu akisema, basi, kwamba mzee yule alikuwa mwaminifu kwa kampuni, ni vema tuulize kampuni ipi. Wakurugenzi walibadilika, mitaji ikabadilika, lugha ya wenye hisa ikabadilika. Kilichodumu ni umbo la chesisi, bati la aluminiamu na bolti zake. Huko ndiko uaminifu wake ulikokuwa na mahali pa kushika.

Upande wetu wa kisa

Philip hakuwa mgeni Afrika Mashariki. Februari 1952 alikuwa Kenya na mkewe, na ni yeye aliyempa habari kwamba baba yake amefariki na sasa yeye ndiye malkia. Aprili 1954, mwishoni mwa ziara ndefu ya Jumuiya ya Madola, walikuwa Jinja kufungua bwawa la umeme la Owen Falls. Katika ziara hiyo ndipo Land Rover za wazi, zilizotengenezwa kwa ajili ya wageni kusimama nyuma na kupungia umati, zilipozoeleka katika gwaride. Tarehe 9 Desemba 1961 alisimama Dar es Salaam Tanganyika ikipata uhuru. Desemba 1963 alikuwa Zanzibar, kisha Nairobi, kwa kazi hiyohiyo. Na kwa muda wote huo alikuwa akishughulika na wanyamapori: aliongoza WWF ya Uingereza, shirika la kuhifadhi wanyamapori, tangu ilipoanzishwa mwaka 1961, kisha akaongoza ya kimataifa kuanzia 1981 hadi 1996. Mwaka huo wa 1961, mwezi Septemba, ndipo Mwalimu Nyerere alipotoa Azimio la Arusha la kwanza, lile la kuhifadhi wanyama, ambalo watu hulisahau kwa sababu ya Azimio la 1967.

Nayataja hayo kwa sababu gari lililowabeba wageni wale lilibaki hapa walipoondoka, na likapata wamiliki wapya walioelewa haraka linataka nini. Ofisi za wilaya zilirithi Land Rover za 109, yaani za inchi 109 kati ya ekseli. Misheni zikarithi. Zilipochakaa serikalini zikauzwa kwa mnada, zikaenda kwa wachuuzi wa mifugo wa Longido na Simanjiro, kwa wachimbaji wa Mererani, kwa watu wa Loliondo ambako njia nyingine ya kufika ilikuwa miguu. Gereji za Arusha zikajifunza kukata chesisi, kuirefusha, kuongeza safu ya viti, kuweka paa linaloinuka ili mtalii asimame akatazama simba. Hakuna aliyeomba ruhusa Solihull. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, zikakusanyika mamia kwa mamia kutoka kila upande, na ukitazama picha zake utaona vigumu kupata mbili zilizo sawa. Kila moja imeguswa na mwenyewe.

Kwa hiyo Philip, kwa kukata nyuma ya 130 yake na kufunga pini za mpira, alifanya kile ambacho fundi wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, au wa barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, anakifanya kwa haja ya mteja wake. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na kampuni yenyewe inayomsikiliza, na hakuhitaji kuchagua kati ya ada ya shule na giaboksi. Tofauti hiyo ni kubwa na inapunguza thamani ya kisa chake kwa mtu anayetaka kukitumia kama mfano wa matumizi mazuri ya fedha. Mwenye Land Rover wa Karatu analipia uaminifu wake kila mwezi: mafuta yanavuja, spea za bandia zimejaa madukani, na jirani mwenye Land Cruiser anampita. Yeye akibaki na gari lake, huwa amepiga hesabu. Anajua fundi gani, kona gani, spea ipi ya zamani inaingia bila kuchongwa. Akibadilisha gari, elimu hiyo yote ya miaka inabaki haina kazi. Watoto wake wanaona ubishi, wakati yeye anaona mtaji.

Barabara ya A149

Sehemu ngumu ya kisa hiki ilitokea tarehe 17 Januari 2019. Philip, akiwa na miaka 97, alikuwa anatoka njia ya pembeni kuingia barabara ya A149 karibu na Sandringham, akiendesha Land Rover Freelander. Akagongana na Kia iliyokuwa na wanawake wawili na mtoto wa miezi tisa. Freelander ikalala ubavu. Yeye alitoka salama. Mtoto hakuumia, lakini mmoja wa wanawake wale alivunjika kifundo cha mkono. Baadaye Philip aliandika barua ya kuomba radhi, akasema jua lilimpiga machoni.

Siku iliyofuata Land Rover nyingine mpya ilikuwa imeshafikishwa Sandringham. Siku mbili baada ya ajali alipigwa picha akiiendesha bila kufunga mkanda, na polisi wakampa ushauri. Wiki tatu baadaye, tarehe 9 Februari, akarudisha leseni kwa hiari, na waendesha mashtaka wakaamua kutomfungulia kesi. Nchini mwao Malkia pekee ndiye aliyeweza kuendesha bila leseni. Mumewe aliihitaji kama raia mwingine. Baada ya hapo alionekana akiendesha ndani ya mashamba ya kifalme tu, nje ya barabara za umma.

Hapa siwezi kumtetea. Mtu aliyejua mashine kuliko wengi alishindwa kukiri mapema kwamba macho na mikono ya miaka 97 havikuwa vile vya ofisa wa majini. Na gari jipya la nembo ileile, kuletwa mlangoni kabla michubuko ya wengine haijapona, kunaonesha upande mbaya wa uaminifu wa muda mrefu: pande zote mbili zinazoeana kiasi kwamba hakuna anayemuuliza mwenzake swali. Muuzaji anapeleka gari kama alivyozoea, mteja anapokea kama alivyozoea. Rafiki wa kweli wa mwenye gari siku ile angemnyima funguo.

Tena litazame gari lililohusika. Freelander ilikuwa na nembo ya Land Rover lakini haikuwa na chesisi ya ngazi iliyo peke yake chini ya bodi. Mwili wake ni mmoja, umeumbwa na kuchomelewa kama gari la saluni. Ni gari zuri la barabarani, ila halina undugu wa damu na lile lililokuwa linamsubiri gereji kwa ajili ya mazishi. Mwaka uleule wa 2019, kwa hiyo, mzee alikuwa na nembo moja kwa mambo mawili: moja alilonunua na kuendesha tu, na jingine alilokuwa bado analirekebisha akikaribia miaka 98. Ukimpima kwa la kwanza, alikuwa mteja wa mazoea. La pili linamweka mahali pengine kabisa.

Kampuni inafaidi nini, na mwenye gari anabaki na nini

Siku ya mazishi dunia nzima ilitazama Defender ikitembea taratibu. Hakuna tangazo la biashara lingeweza kununua dakika nane zile. Kampuni ilitoa maelezo ya heshima kuhusu gari na namna lilivyotengenezwa, na nadhani watu wake walihuzunika kweli, maana Philip alitembelea viwanda vyao kwa miongo mingi. Hata hivyo faida ya nembo ilikuwepo, tuijue hivyo. Kwa utaratibu wa hati za kifalme, ile iliyotolewa na Philip haiendelei baada ya kifo chake, kampuni hupewa muda wa miaka miwili tu wa kuiondoa kwenye mabango na karatasi zake. Defender haikuhitaji bango baada ya siku ile.

Lakini Defender iliyotembea Windsor ilikuwa haitengenezwi tena kwa miaka mitano. Mpya ilioneshwa Frankfurt mwaka 2019, inatengenezwa Nitra, Slovakia, na mwili wake wa aluminiamu umeunganishwa kuwa kitu kimoja, bila chesisi ya peke yake. Inavuka mto kwa kina kuliko ya zamani, ina kasi zaidi, ni tulivu, na mtu akigonga ana nafasi kubwa zaidi ya kutoka hai. Sina sababu ya kuidharau. Kwa mwanamke aliyevunjika kifundo, na kwa yeyote anayekutana na gari kubwa barabarani, uhandisi wa usalama wa leo ni jambo la kushukuru.

Ila huwezi kuikata nyuma. Ukikata mwili wa namna hiyo umekata nguvu yake, kwa kuwa bodi na chesisi ni kitu kimoja. Fundi wa Arusha hawezi kuirefusha kwa kuunga vyuma katikati. Waya na kompyuta zake zinataka mashine ya kuzisoma. Mzee wa miaka 82 anayetaka kujijengea gari la mazishi kutoka kwenye gari hilo angeambiwa, kwa adabu kabisa, achague moja kati ya mapambo yaliyo kwenye orodha.

Hapo ndipo wenye Land Rover wa zamani wengi waligawanyika, Uingereza na hapa pia. Wengine waliifuata nembo wakanunua mpya. Wengine, walio wengi ninaowafahamu kanda ya kaskazini, walihama nembo na kubaki na namna ya gari: wakanunua Land Cruiser ya familia ya 70, inayotengenezwa tangu 1984 na mpaka leo ina chesisi yake, springi za pasi nyuma, na injini ya 1HZ ya silinda sita ambayo fundi anaifungua porini. Mzee mmoja aliyekuwa na 110 kwa zaidi ya nusu ya maisha yake alilala chini ya Land Cruiser ya mwanawe, akatazama ekseli na chesisi muda mrefu, akatoka akasema hili anaweza kulielewa. Jamaa walidhani amesaliti. Kwa hesabu yangu, kati ya aliyenunua Defender ya Nitra na huyo aliyekubali Toyota, wa pili ndiye aliyekaa karibu zaidi na kile Philip alichokifanya gereji kwa miaka 16.

Je, Philip mwenyewe angeichagua mpya? Alikuwa hai ilipoingia sokoni, na gari lake la mazishi lilikuwa na nafasi ya kubadilishwa. Kampuni ingefurahi. Mabadiliko aliyoyaagiza mwaka 2019 yaliwekwa kwenye lile la 2003.